Nilidhani Ananyata

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla kengele ya simu haijalia, binti yangu hupita nje ya mlango wa chumba changu akielekea msalani. Nyumba yetu ina sakafu ya vigae, na juu ya vigae kila mtu ana mlio wake: baba yake huburuza ndala, mdogo wake wa miaka miwili hupiga nyayo kama anayetwanga, na yeye, kwa takriban wiki tatu za mwezi Machi, hakuwa na mlio wowote. Nilimwona mara moja kupitia mlango uliokuwa wazi kidogo, akitembea kwa ncha za vidole, mkono mmoja umegusa ukuta kama ninavyofanya mimi na goti langu ninapopanda ngazi za kazini, nikajisemea moyoni kwamba mtoto wa miaka kumi ameanza kuwa na utu, hataki kumwamsha mdogo wake.

Nilimsifu. Nilimsifu mbele ya baba yake, na siku moja nilimsifu kwenye simu kwa bibi yake aliye Tanga, mwenyewe akisikia.

Kumbe hakuwa akinyata. Visigino vilikuwa vinamuuma kiasi cha kushindwa kuvikanyagia.

Alfajiri za kimya

Kilichonifumbua macho ni safari. Wikiendi moja mume wangu alimchukua mdogo mtu wakaenda Tanga kumsalimia bibi, tukabaki wawili nyumbani. Jumapili alfajiri nikasikia mlango wa chumba chake unafunguliwa, kisha kimya, kisha mlango wa msalani. Nikatoka.

"Unamnyatia nani, mwanangu? Mdogo wako yuko Tanga."

Akasimama palepale. "Nimezoea tu, mama."

Lilikuwa jibu la haraka mno kwa mtu aliyeamka dakika moja iliyopita. Nilimketisha kwenye kiti cha jikoni, nikashika mguu wake wa kulia, na kabla vidole vyangu havijakaza akauvuta. Hapakuwa na uvimbe, jeraha wala wekundu. Nikaanza kuhesabu siku kichwani, moja baada ya nyingine: alfajiri za kimya zilikuwa za Jumatano, Ijumaa na Jumapili. Mazoezi yake ya jimnastiki ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi.

Pumziko lililotudanganya

Zahanati ya kwanza tuliyokwenda ilitupa dawa ya kuchua, vidonge vya maumivu na agizo la kupumzika wiki mbili. Bibi yake, kwa simu, aliongeza maji ya moto yenye chumvi na kukandwa kila usiku. Tulifuata yote. Baada ya siku nane alikuwa anakimbia koridoni, na siku ya kumi na tano alirudi mazoezini kana kwamba hakuna lililotokea, katika wiki ambayo klabu ilikuwa inajiandaa kwa onyesho la wazazi: kukimbia, kukanyaga ubao wa kurukia, kupinduka hewani, kutua, halafu tena. Jumamosi ya wiki ileile alishuka kwenye bajaji akichechemea.

Wiki zile mbili zilikuwa zimeondoa maumivu bila kukizoesha kisigino kuhimili chochote, na siku ya kurudi tulikitwika mzigo wote kwa mpigo. Wakati ule sikulijua hilo. Nilichojua ni kwamba dawa imeshindwa, kwa hiyo ugonjwa lazima uwe mkubwa, na kwa hofu hiyo nikamng'ang'ania daktari wa hospitali nyingine hadi akaandika eksirei ambayo yeye mwenyewe hakuona haja yake.

Picha ilionyesha, nyuma ya mfupa wa kisigino, kipande kilichojitenga, cheupe kuliko mfupa wote, chenye kingo zisizo sawa kama ukoko uliobanduka sufuriani. Nikaona kuvunjika. Niliipiga kwa simu nikaituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na kufikia saa mbili usiku nilikuwa na majibu ya kutosha kufungulia hospitali: amepungukiwa madini ya chokaa, alivunjika akaunga vibaya, amepatwa na kijicho.

Daktari alipoisoma alisema hicho ni kisigino cha kawaida cha mtoto wa miaka kumi.

Mfupa ambao haujawa mmoja

Aliyetueleza kwa utulivu ni mtaalamu wa fiziotherapia, mama mtu mzima anayeongea polepole, ambaye kabla ya kugusa mguu aliuliza maswali niliyoyaona hayahusiani. Mtoto ana homa? Huamka usiku kwa maumivu? Umewahi kuona uvimbe, joto au wekundu? Aliwahi kuanguka akakataa kabisa kukanyaga? Kuna selimundu katika familia? Nilijibu hapana kwa yote, nusu kwa kukosa subira. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba maambukizi ya mfupa, mpasuko, uvimbe ndani ya mfupa na maumivu ya selimundu vyote vinaweza kujitokeza mguuni, kwamba havisubiri, na kwamba hakuna mwenye haki ya kusema "ni ukuaji tu" kabla hajauliza maswali hayo.

Kisha akashika kisigino, kidole gumba upande huu na cha shahada upande wa pili, akakibana.

"Panauma, binti?"

"Hapana."

Nilikuwa nimekaa upande wa mkono wake wa kushoto. Mkono ule ulikuwa umekamata shuka la kitanda mpaka vifundo vimepauka. Mtaalamu naye aliuona. Hakusema kitu, akahamia kisigino cha pili, na shuka likakamatwa tena.

Alituchorea nyuma ya risiti yangu. Sehemu ya nyuma ya kisigino cha mtoto huanza ikiwa gegedu, yaani tishu laini kuliko mfupa, na karibu na umri wa miaka 7 au 8 hupata kiini chake cha mfupa, ambacho hubaki kimetenganishwa na mfupa mkuu kwa tabaka la gegedu hadi vinapoungana, kwa wasichana aghalabu kati ya miaka 13 na 15, kwa wavulana baadaye kidogo. Kwenye kipande hichohicho ndipo inaposhika kano nene inayoshuka kutoka misuli ya shavu la mguu, ikikivuta kwenda juu, na utando mgumu wa unyayo, ukikivuta kwenda mbele. Ongeza kutua, maana anayetua kutoka kwenye mpinduko hugonga chini kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa, na katika kipindi kimoja cha mazoezi hufanya hivyo mara ishirini, thelathini au zaidi. Mtoto akiwa katika miezi ya kurefuka haraka, misuli nayo hubana, na gegedu huelemewa.

Hali hii huitwa ugonjwa wa Sever, kwa jina la James Warren Sever, daktari wa mifupa wa Boston aliyeieleza mwaka 1912, ingawa neno ugonjwa linaipa ukubwa isiostahili: hailemazi, na huisha yenyewe kisigino kinapokomaa. Zile kingo za ukoko zilizoninyima usingizi huonekana pia kwenye picha za watoto ambao hawajawahi kuumwa kisigino hata siku moja.

Nikamuuliza kuhusu maji ya moto na mikono ya bibi. Akacheka.

"Mama, bibi hajakosea kazi, amekosea mahali. Mkande hapa," akagusa shavu la mguu. "Hapa chini tumwekee barafu."

Pekupeku

Karibu kila ushauri niliousoma baadaye ulikuwa umeandikiwa mtoto anayecheza mpira wa miguu: mnunulie viatu vizuri, weka ndani pedi laini inayoinua kisigino kidogo ili kano ilegee, aendelee. Ni ushauri mzuri. Lakini mwanajimnastiki hucheza pekupeku, na pedi haina pa kukaa katika mguu usio na kiatu.

Zaidi ya hapo kuna sakafu. Katika mashindano ya kimataifa sakafu ya jimnastiki ni jukwaa la mita 12 kwa 12 lililowekwa juu ya springi na sponji, nalo hupokea sehemu ya pigo kabla halijafika mguuni. Binti yangu anajifunzia katika ukumbi wa shule wenye saruji iliyotandikwa magodoro, na magodoro yenyewe, mahali watoto wanapotua kila siku, yamebonyea kama kitanda cha mzee aliyelala upande mmoja miaka thelathini. Nimepita mbele ya magodoro yale nikienda kumchukua kwa mwaka mzima, wala sikuwahi kuinama kuyabonyeza kwa kidole.

Kwa hiyo tulitafuta nafuu katika saa ambazo hayuko ukumbini, ambazo ndizo nyingi. Pedi ziliingia kwenye viatu vya shule, ambavyo nilipovigeuza nilikuta soli ya nyuma imelika hadi kitambaa. Nyumbani akaanza kuvaa ndala za sponji badala ya kukanyaga vigae. Baada ya mazoezi alikaa dakika kumi na kisigino juu ya chupa ya maji iliyogandishwa, imezungushiwa kanga ili baridi isimchome. Alinyoosha misuli ya shavu la mguu kwa kusukuma ukuta, polepole, bila kurukaruka, na maumivu yalipotulia akaongezewa kazi ya kujiinua kwa vidole na kushuka kwa kuhesabu, ili misuli ipate nguvu.

Ukumbini, mtaalamu aliagiza kitu kimoja ambacho hakuna duka linalokiuza: idadi ya kutua ipungue, kisha iongezwe kwa hesabu. Kumi kwa kipindi, juu ya godoro nene. Wiki inayofuata kumi na tano, ikiwa asubuhi ya pili yake anatembea vizuri. Kama hatembei vizuri, turudi kumi.

Ikiwa wote hupona

Usiku mmoja, nikisoma kile nilichoweza kukielewa, nilikutana na utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2016. Watoto 101 wa miaka 8 hadi 15 wenye maumivu haya waligawanywa makundi matatu: kundi moja lilisubiri tu, la pili likapewa pedi ya kuinua kisigino, la tatu likafanya mazoezi chini ya mtaalamu. Katika wiki sita za mwanzo wenye pedi waliridhika zaidi. Baada ya miezi mitatu makundi yote yalikuwa yamepata nafuu, na tofauti kati yao haikuwa ya kutajika.

Nilikaa na simu mkononi nikijiona mjinga. Chupa, kanga, ukuta, daftari, nauli za bajaji kwenda kwa mtaalamu, na kumbe anayesubiri naye hufika. Mume wangu, niliyemsomea, alihitimisha upesi kuliko nilivyotaka: "Basi mwache aendelee, itaisha yenyewe."

Ilinichukua siku kadhaa kuona palipokosewa, si na watafiti bali na sisi wawili tuliokuwa tunawasoma. Katika makundi yale matatu hapakuwa na kundi la nne la watoto walioambiwa waruke kama kawaida na wanyamaze. Watoto wote walikuwa wamefika kwa daktari, mguu umeangaliwa, maumivu yametajwa kwa jina. Wangu alikuwa amekaa wiki tatu na ukuta.

Mbili

Mtaalamu alitupa kipimo cha sifuri hadi kumi. Ikiwa maumivu hayazidi tatu na yameisha kufikia asubuhi, aendelee. Yakifika nne, aache kuruka siku hiyo. Nikanunua daftari dogo la mistari, nikachora safu za tarehe, idadi ya kutua na namba.

Jumanne, mbili. Alhamisi, mbili. Jumamosi, mbili. Wiki iliyofuata, mbili, mbili, mbili.

Hata jino bovu halina nidhamu hiyo.

Nilijaribu ujanja. Badala ya kuuliza namba nikawa namwambia atembee kwa visigino kutoka jikoni hadi mlangoni, vidole juu, na nikamtazama uso badala ya miguu. Baada ya siku tatu aligundua kwamba huo nao ni mtihani, akajifunza kuufaulu: midomo imebanwa, mabega yametulia, akifika mlangoni ananigeukia na tabasamu la kumaliza zoezi mbele ya majaji. Nilimfundisha mimi kutabasamu vile. Nilimwambia kwamba majaji huangalia na uso.

Video

Hapa ndipo jambo hili liliponikaa rohoni kwa wiki nyingi hadi nikaamua kuliandika.

Mwaka jana, alipokuwa anaogopa kuruka kinyumenyume, nilitafuta kwenye simu yangu video ya Michezo ya Olimpiki ya Atlanta, Julai 1996. Kerri Strug, Mmarekani wa miaka 18, ameumia kifundo cha mguu katika mruko wa kwanza. Anarudi, anakimbia, anaruka, anatua, anainua mguu mmoja, anawasalimu majaji kwa mguu uliobaki, kisha anaanguka kwa magoti. Baadaye kocha Béla Károlyi anambeba mikononi kwenda kupokea medali ya dhahabu ya timu. Tuliitazama mara nne. Nilitokwa na machozi, na nikamwambia maneno ambayo ningetoa chochote kuyarudisha: "Unaona moyo huo?"

Sikumwambia, kwa kuwa sikulijua, kwamba hesabu za pointi zilipokamilika ilionekana timu ingeshinda dhahabu hata bila mruko ule wa pili.

Wala sikumwonyesha Olimpiki ya Tokyo, 27 Julai 2021, siku ambayo Simone Biles, bingwa wa jimnastiki wa Marekani, alijitoa katika fainali ya timu baada ya mruko mmoja kwa sababu alikuwa amepoteza hisia ya mahali mwili wake ulipo hewani. Wiki moja baadaye alipata shaba kwenye boriti, ule mwamba mwembamba wa kusawazishia mwili, na mwaka 2024 mjini Paris akachukua dhahabu tatu. Nilikuwa naijua habari hiyo vizuri kabisa. Haikunijia tu, maana haina sekunde ya kumtoa mama machozi.

Nilisoma pia kwamba nchini Uingereza, Juni 2022, ilitolewa ripoti ya mwanasheria Anne Whyte kuhusu jimnastiki, baada ya kupokea maelezo zaidi ya 400, na kwamba miongoni mwa yaliyoelezwa ni watoto kufanyishwa mazoezi wakiwa wameumia. Kwa dakika chache nilifurahi kuwa hayo ni ya mbali, ya klabu kubwa zenye makocha wakali. Kocha wetu ni kijana mpole, hajawahi kumpandishia mtoto sauti. Hakuna aliyemlazimisha binti yangu kuficha chochote. Alificha kwa sababu alikuwa amesikia mara nyingi, kutoka kwa watu wanaompenda, kinachosifiwa na kisichosifiwa, na kwa sababu nilimsifu kwa kunyata.

Bei ya nne

Nilikwenda kumwona kocha nikiwa nimejiandaa kubishana. Alinisikiliza, kisha akanieleza jambo ambalo nilikuwa siliulizi.

"Mama, akisema nne namkalisha kwenye benchi. Anawatazama wenzake saa moja na nusu. Mimi naona namlinda."

Akanyamaza, akatazama benchi lenyewe, lile refu la mbao lililo chini ya dirisha, na nadhani sote wawili tuliliona kwa wakati mmoja. Namba nne ilikuwa na bei, na bei yake ilikuwa benchi.

Tangu siku hiyo anayesema nne haendi kwenye benchi. Anakwenda kwenye vyuma vya kuning'inia, ambako mikono ndiyo inayofanya kazi na kushuka ni kwa kuteremshwa na kocha, au anasimama kwa mikono ukutani, au anafanya mazoezi ya tumbo ambayo, kwa kauli yake mwenyewe, ni mabaya kuliko kisigino. Kocha alikwenda mbali zaidi kuliko nilivyoomba: aliwauliza watoto wote kumi na mmoja. Wengine wawili walisema visigino vinawauma, mmoja tangu Januari. Magodoro mawili yaliyobonyea yamegeuzwa na kuwekwa juu ya mengine. Fedha za mapya hazipo, na onyesho la wazazi lilisogezwa wiki tatu, jambo lililowaudhi baadhi ya wazazi waliokwisha kununua sare.

Daftari halikubadilika siku ileile. Wiki ya kwanza zilikuwa mbili tupu. Wiki ya pili, Alhamisi, kwa penseli: *tatu*. Jumamosi yake alitoka ukumbini na mkoba begani, akaingia kwenye bajaji, na kabla sijauliza akasema, "Leo nne na nusu. Ila nusu ni ya kushoto."

Sijawahi kufurahia maumivu ya mwanangu kabla ya siku hiyo, na niliona haya kidogo.

Daftari linaendelea

Sasa ni Agosti. Anatua mara arobaini kwa kipindi, alfajiri nyingi anakanyaga vigae kwa nyayo nzima, na mdogo wake huamka kweli. Mtaalamu ametuonya kwamba akianza kurefuka tena huenda maumivu yakarudi, kwa kuwa bado ana miaka kadhaa kabla kisigino hakijaungana, na wiki iliyopita, siku tatu baada ya shule kufunguliwa na viatu vipya kuvaliwa, yalirudi kidogo. Alikwenda kwenye friji mwenyewe, akachukua chupa, akavuta kanga yangu kwenye kamba.

Daftari analiandika yeye siku hizi, jioni, mezani, kalamu ikiwa imeelea juu ya safu mpaka apate namba anayoiamini. Juzi nilirudi kazini nimechoka, nikapanda vile vidato vitatu vya mlangoni nikishikilia ukuta kama kawaida yangu. Akaniangalia.

"Mama, goti lako leo ngapi?"

"Mbili," nikamjibu.

Akanitazama kidogo, akachora safu mpya pembeni ya ile yake, akaandika *nne*.